Blanketi Jekundu Dirishani: Maisha ya Mama Vifungo

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi saa. Dirisha la chumba kile lilitazama mlima wenye msitu ulio kando ya mji. Alikuwa kifungua mimba. Kitinda mimba, anayesoma maneno haya, alilelewa mgongoni mwake.

Alisoma hadi darasa la nane. Mama alipougua, yeye alitolewa shuleni ili alee wadogo zake. Wavulana wakaachwa waendelee. Haikuwa haki, na haigeuki kuwa haki kwa sababu leo tumevaa nguo nyeusi. Wavulana hao hao aliwafundisha hesabu jikoni, mwiko mkononi.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika karakana ya kushona mapazia ya hospitali. Huko ndiko alikopewa jina la Mama Vifungo, kwa kuwa hakuwahi kumwacha mtu apite mbele yake na shati lililokosa kifungo. Mwenye karakana alikuwa amepaka vioo vya madirisha rangi nyeupe ili mafundi wasitazame nje. Dada alikwangua rangi kwa ncha ya mkasi, pakatokea tundu la ukubwa wa sahani.

"Wewe! Umeajiriwa kushona au kutazama mlima?" msimamizi alimfokea.

"Mikono ndiyo iliyoajiriwa, bosi. Macho nimekuja nayo mwenyewe."

Karakana nzima iliangua kicheko. Baadaye mafundi waligoma, wakiongozwa naye, mpaka vioo vyote vikaoshwa.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na seremala aliyekutana naye mlimani. Siku walipokutana, bwana huyo alikuwa amepanda na viatu vya kwendea harusini, akateleza hadi miguuni pake. "Kaka, kama ni salamu, hiyo imezidi," alimwambia, akamnyanyua.

Tangu hapo familia ilipanda mlima mara mbili kila mwaka. Majira ya joto walipanda wote, kwa kuwa majani hufunga kila upande na mji hauonekani. Dada alisema huko ndiko alikopumzika kuitwa-itwa na watu. Majira ya baridi miti hupukutika, na nyumba yao huonekana kutoka juu. Kwa hiyo mmoja alibaki nyumbani kutundika blanketi jekundu dirishani, na waliopanda walilitafuta kwa macho. Aliyeliona kwanza alipiga kelele kama aliyeona mwezi.

Mwaka 2020 mapafu yake yalianza kushindwa, baada ya miaka mingi ya kuvuta vumbi la vitambaa. Ilibaki njia moja aliyoiweza: ile pana, isiyo na mwinuko mkali. Njia hiyo ilizungushiwa waya na kufungwa kwa lango, kwa idhini ya baraza la mji, ili wachache wajenge nyumba zao mteremkoni. Majira ya joto yaliyopita tulimfikisha langoni kwa kiti cha magurudumu.

"Bibi, kuna njia nyingine," mlinzi alimwambia.

"Ipo, mwanangu. Ya wenye mapafu."

Tulirudi naye nyumbani. Msitu wenye majani hakuuona tena.

Jumapili tarehe 16 Julai 2023, katikati ya baridi, alituamuru tupande bila yeye. "Nendeni. Leo blanketi ni zamu yangu." Jirani yake alibaki naye. Tukiwa juu, mumewe ndiye aliyeliona kwanza, lakini hakupiga kelele. Alivua kofia, akaipunga hadi mkono ukachoka. Tuliporudi tulimkuta jirani akilia mlangoni. Dada alikuwa kitini kando ya dirisha, amekata roho, pindo la blanketi likiwa bado mkononi mwake.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu, wadogo zake na mafundi wenzake wa karakana. Shada la maua lililoletwa na baraza la mji tumelipokea, na tunashukuru. Tungeshukuru zaidi kupokea ufunguo wa lango. Majira ya joto yakifika tutakwenda pale tena, sote, tuudai.

Blanketi hatujaliondoa dirishani.

Lala salama, Dada, mahali pasipo na waya.