Mzee Nthiga Kivuti, Aliyefufua Matrekta Tisa ya Kanja

Waombolezaji wapendwa, familia inaomba mtulie tuwasomee safari ya mzee wetu Nthiga Kivuti, ingawa wengi wenu mliijua sauti ya matrekta yake kabla ya kumjua yeye mwenyewe.

Alizaliwa Kanja, Embu, mwaka 1931, nzige walipomaliza mahindi yote, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Kivuti na marehemu Mama Njoki, akabatizwa tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1941 hadi 1945, akafika darasa la nne, na hesabu aliipenda kuliko katekisimu, jambo ambalo mwalimu wake hakulisahau.

Mwezi Machi 1948 alipanda hadi Timau, akaajiriwa kwenye shamba la ngano, kwanza kama mfagiaji wa ghala, kisha dereva wa trekta, na huko ndiko ugonjwa wake wa kupenda vyuma ulikomwanzia. Hali ya hatari ilipotangazwa kwa sababu ya Mau Mau, Waembu walifukuzwa mashambani, na tarehe 20 Februari 1953 wenzake walipakia magodoro na sufuria kwenye lori, yeye akapakia injini ya trekta kuukuu ambayo mwenye shamba alikuwa ameitupa, na wanaume wanane wakakubali kuikalia hadi Embu. Nyumbani alianza kuifufua pamoja na mchumba wake, Wamuyu, aliyeosha kila kipande kwa mafuta ya taa, wakakipaka grisi na kukifunga ndani ya gunia ili kisishike kutu.

Gunia hilo nusura limuue. Tarehe 14 Juni 1954, watu wakiwa wameshahamishiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, homugadi mmoja, yaani mgambo wa serikali, jirani yake Ndambiri, alipekua chini ya kitanda akakuta bomba la ekzosi limepakwa grisi na kufungwa vizuri, naye, kama ambavyo yeyote angefikiri siku hizo, akaona mtutu wa bunduki ya kujitengenezea, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Nthiga alifungiwa katika kituo cha Karurumo siku tatu, na ofisa wa wilaya, DO, alipofika kumpeleka mahakamani alimkuta Wamuyu amesimama mlangoni tangu alfajiri, msichana wa miaka kumi na tisa bila pasi ya kusafiri, naye Wamuyu akamwambia, "Bwana DO, mpatie spana. Hiyo injini ikikataa kunguruma, mnishike na mimi." Ofisa akawapeleka wote Kanja, petroli ikanyonywa kutoka gari lake mwenyewe, Nthiga akalifunga bomba mahali pake, akazungusha hendeli mara mbili pakawa kimya, na mara ya tatu injini ikatema moshi na kunguruma, Ndambiri akawa wa kwanza kutimua mbio. Nthiga aliachiliwa jioni ileile.

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1954, wakajaliwa watoto wanne, Kathuri, Alice, Ishmael na Njoki. Baada ya uhuru alirudi Timau mara kwa mara kutafuta matrekta yaliyotelekezwa hadi yakafika tisa, na kuyafufua ikawa kazi ya nyumba nzima, Kathuri akipaka rangi, Alice akisikiliza injini kwa sikio ambalo baba alikiri limemshinda, na kijana aliyekuja kuposa hakupewa chai kabla ya kuwasha moja kwa hendeli. Hakuuza hata moja wala hakulimia hata moja, majirani wakamcheka miaka hamsini, naye Ndambiri, aliyekuja kuomba msamaha mwaka 1961, akawa fundi wake wa magurudumu hadi Ndambiri mwenyewe alipofariki.

Mwaka 2010 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa Embu mara tatu, na tarehe 2 Agosti 2012, saa nne asubuhi, alituacha, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliovumilia moshi wetu, na mafundi wenzake waliosafiri kutoka Timau. Zaidi ya wote tunamshukuru mama yetu Wamuyu, aliyeketi hapa mbele. Walionyongwa mwaka ule hawakurudishwa kwa jamaa zao, hawakuchimbiwa kaburi nyumbani wala kusomewa historia, na bila Mama kusimama mlangoni pale Karurumo, Baba angekuwa mmoja wao na sisi wanne tusingezaliwa. Leo, Mama, mume wako analala kwenye shamba lake, na wewe ndiye utakayemtupia udongo wa kwanza.

Baba, lala kwa amani.