Lamjed Zreli, Beki wa Sikio Moja, Anavua Jezi

Jumamosi ya tarehe 14 Juni, baada ya misimu ishirini na miwili ya mpira wa kulipwa, beki wetu wa kati Lamjed Zreli atavaa jezi ya Nakhla ya Gabes kwa mara ya mwisho, katika mechi ya kumuaga. Alianzia hapa, anamalizia hapa. Katikati alizunguka: Benghazi, Sur, Basra, Irbid, kisha Basra tena kwa sababu walimlilia. Mhariri wa jarida la klabu amenitwika mimi, Mouldi Bachta, kazi ya kumwandika. Nilipomwambia kwamba mimi ni kipa, si mwandishi, alinijibu, "Umesimama nyuma yake misimu sita. Mgongo ule unaujua kuliko mkewe." Samia, mke wa Lamjed, ameisoma sentensi hiyo na kuiruhusu.

Lamjed ni mtoto wa mtaa wa Jara, ambako mama yake, Mama Zohra, ameuza hina sokoni tangu wengi wetu hatujazaliwa. Akiwa mdogo aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila sikio la kushoto halikupona naye. Mama Zohra alikuwa amekwisha kuona jinsi mtaa ulivyomfanya kichekesho mtoto wa jirani mwenye kigugumizi, akaamua la mwanawe litabaki ndani ya nyumba. "Ukisikia unaitwa na hujui ni wapi, geuka mwili mzima," alimfundisha. "Watasema una adabu." Na kweli, Jara nzima ilimsifu kwa adabu.

Aliposajiliwa na Nakhla, daktari wa siku zile alimsikiliza moyo, akamkunja magoti, kisha akamtazama usoni na kumuuliza, "Unanisikia vizuri?" Lamjed akajibu ndiyo. Hakusema uongo, yule alikuwa mbele yake, alimsikia vizuri sana.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka mechi ya mwisho ya msimu wake wa tatu, maana hakuna nyumba Gabes ambayo haikulia. Sare ilitosha kutubakisha daraja la kwanza. Golini alikuwepo Hedi Jlassi, kipa mwema kutoka Medenine. Krosi ikaja, Hedi akatoka golini akipiga kelele, "Yangu!" Sauti ikamfikia Lamjed upande wa kushoto, yaani haikumfikia. Aliruka, akaupiga mpira kichwa ukampita Hedi juu ya vidole, ukaingia wavuni kwetu. Tukashuka daraja.

Hedi aliapa kwamba aliita. Lamjed aliapa kwamba hakusikia mtu. Wote wawili walisema kweli, lakini mji ulitaka mwongo wake, ukamchagua Hedi, kwa kuwa Lamjed alikuwa mtoto wa nyumbani na Hedi mgeni. Walimzomea hadi kituo cha basi. Hakudaka tena, alirudi Medenine kuuza vigae. Sentensi moja tu ya Lamjed ingemsafisha, lakini sentensi hiyohiyo ingefunga milango yote ya mpira kwa kijana wa miaka ishirini. Alinyamaza. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa njiani kwenda Benghazi.

Huko ugenini ndiko alikojifunza kuishi na sikio moja kama mtu anavyojifunza ufundi. Kila kocha aliyempata, Lamjed alimwomba jambo lilelile: nipange beki ya kati upande wa kushoto. Hivyo sikio zima liliwaelekea wenzake, na lile bovu likaelekea jukwaani. Ameniambia hajawahi kusikia tusi hata moja la mashabiki wa upande ule, na kwamba huenda ndiyo sababu anawapenda watu. Asichoweza kusikia alijifunza kukitafuta kwa macho. Aligeuza shingo bila kukoma, hata mpira ukiwa mbali. Basra walimwita Bundi, jina lisilo la heri kwetu, mpaka siku alipomzima mfungaji bora wa ligi. Tangu hapo wakaliimba. "Wewe, hiyo shingo unaitia mafuta ya nini?" kocha wao alimuuliza. "Ya zeituni," akajibu. "Ya kwenu hayafai."

Sur, kule Oman, nusura mambo yaharibike. Nahodha, Saud, mtu wa heshima zake, alimsalimu mara mbili kutoka kushoto, naye akapita kimya. Kutoitikia salamu si jambo dogo. Saud akaacha kumpa pasi. Lamjed alipojua, alifunga safari hadi nyumbani kwa Saud na sanduku la zawadi kutoka kwao: tende. Saud alifungua, akatazama, akaita kaka zake. "Njooni muone mwendawazimu! Kaleta tende Oman!" Walicheka mpaka kahawa ikapoa, na urafiki wao unaendelea hadi leo. Saud yumo katika orodha ya wageni wa Jumamosi, nasi tunamwomba asije na tende.

Alirudi kwetu akiwa na miaka thelathini na tatu. Nakhla ilikuwa imepanda daraja, na Mama Zohra alikuwa ameanza kuumwa miguu. Wiki ya kwanza nilimwita mazoezini mpaka nikakauka koo. Hakugeuka. Asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye kibanda cha lablabi, supu yetu ya dengu, karibu na uwanja, nikakaa mbele yake bila hata kuagiza.

"Kaka, wewe kiziwi au una dharau?"

Akaweka kijiko chini. "Kiziwi. La kushoto."

Nilidhani ananitania. Nikacheka peke yangu.

"Nani anajua?" nikamuuliza baadaye.

"Mama. Samia. Na sasa wewe, kwa kuwa umeuliza vibaya."

Tulielewana pale pale. Nikawa namwita kutoka kulia kwake, na akigeuza shingo ananitazama mikono: ngumi maana yake natoka, kiganja maana yake piga wewe. Kwa njia hiyo tulicheza misimu mitano na zaidi, tukamaliza nafasi ya nne mara moja, jambo ambalo klabu hii haikuwahi kuliona. Waandishi walisema Lamjed anausoma mchezo. Alikuwa ananisoma mimi.

Kisha likaja la msimu huu. Mwezi Aprili, katika mechi ya nyumbani, beki wetu Anis Khlifi alimpigia kelele Lamjed auache mpira. Kelele zilikuwa nyingi, Anis alikuwa upande mbaya, wakagongana, wageni wakafunga. Tukapoteza. Magazeti yakamwangukia Anis, na kesho yake mtu akaandika kwa rangi mlangoni kwa wazazi wake: Msaliti. Baba yake, mwalimu mstaafu, alionekana akiusugua mlango kwa brashi huku watu wakipita.

Lamjed aliuona mlango ule akielekea mazoezini. Hakufika mazoezini. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkutano wa kocha na waandishi, akaomba kiti.

"Anis aliita," alisema. "Mimi sikusikia, kwa sababu sikio langu la kushoto halisikii. Halijawahi kusikia tangu utotoni. Na miaka ile Hedi Jlassi naye aliita. Andikeni yote mawili."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijawahi kuona waandishi wakisahau kuandika.

Mji uligawanyika kama mkate. Wako waliolia na wako waliotukana. Frej, kiongozi wa ngoma za jukwaani, mtu mnene mwenye sauti ya king'ora, alisimama mbele ya mkahawa akisema, "Tisa! Misimu tisa tumelindwa na kiziwi, na hakuna aliyetuambia!" Wakubwa fulani wa klabu walitaka Lamjed akae benchi hadi mkataba uishe. Ilibaki mechi moja, na tulihitaji sare ili tusishuke. Kocha Bechir aliwasikiliza wote, akamaliza chai yake, akasema, "Jana alikuwa beki wangu bora. Leo nimejua kwa nini anageuza shingo. Kuna kingine?" Akampanga.

Mama Zohra naye alikuwa na lake. "Siri yangu umeitoa nje bila kuniuliza," alimwambia mwanawe, wala hakumtazama. Lamjed akambusu kichwani. Mama akasema, "Basi sema pia kwamba la kulia ni zima, wasije wakakufukuza bure."

Siku ya mechi uwanja ulijaa hadi juu ya ukuta. Kila timu ilipata bao moja, na wageni walitubana kipindi chote cha pili. Dakika za nyongeza wakapata kona. Ngoma zilikuwa zinapigwa kiasi kwamba nilikuwa nasikia meno yangu. Lamjed aligeuka kunitafuta, lakini washambuliaji wawili walikuwa wamesimama mbele yangu na mikono yangu haikuonekana. Nikaita. Hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Hapo Frej, aliyekuwa juu ya uzio ameupa uwanja mgongo, akageuka, akamwona Lamjed akihangaika na shingo yake. Akainua mikono yote miwili. Ngoma ikakatika. Wa jirani wakawanyamazisha wa jirani, hadi uwanja wote ukatulia, na mpira ukapigwa katika ukimya ambao sijawahi kuujua uwanjani.

"Lamjed! Yangu!"

Akaacha kuruka. Akapanua mgongo, akawazuia wale wawili, nami nikaurukia mpira juu yao, nikauangukia na kuukumbatia kama mtoto mchanga. Mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho. Wa kwanza kunikumbatia alikuwa Anis, wa pili simjui, na baada ya hapo sikuona kitu. Frej alishuka na kumpigia Lamjed kelele kwenye sikio la kushoto: "Nisamehe!" Lamjed akamwambia, "Zunguka upande wa pili." Akazunguka, akarudia.

Wengine wangemalizia hapo. Yeye hakumalizia. Jumatatu aliniomba nimpeleke Medenine. Hedi alikuwa dukani kwake, nywele nyeupe, vumbi la vigae hadi kwenye nyusi. Alitujua mara moja. Hakutukaribisha.

"Nimesoma gazetini," alisema.

"Nimekuja kusema kwa mdomo wangu," Lamjed akamjibu. "Uliita, Hedi. Nilikuwa na njia ya kukuokoa, nikajiokoa mimi. Niwie radhi."

Hedi akaenda hadi mlango wa nyuma, akaita nyumbani. Akatoka mkewe, wakatoka binti wawili wakubwa, mmoja amebeba mtoto.

"Miaka yote hii aliyeniamini ni huyu peke yake," akasema, akimwonyesha mkewe. "Hawa wanangu wamekulia shuleni na jina la mwongo. Sema tena. Kwa sauti."

Lamjed alisema tena, akiwatazama mmoja mmoja. Mke wa Hedi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Hedi akapangusa kiti kilichojaa vumbi, akakisogeza.

"Kaa. Kuskusi iko tayari, na mchuzi una pilipili. Kama huwezi, omba maji. Mimi nitakusikia."

Tulikaa huko hadi alasiri.

Kuanzia Septemba Lamjed atawafundisha mabeki wa timu ya vijana, na kwa ombi lake daktari wa klabu sasa anapima masikio kabla ya magoti. Ahsante, kaka, kwa mipira uliyoiondoa, kwa vicheko vya safarini, na kwa Aprili ile ambayo wengi wetu tusingeiweza. Samia apate mume nyumbani mwisho wa wiki, Mama Zohra apate mtu wa kumbebea magunia ya hina, nasi tukuone jukwaani kila mechi. Mungu akupe afya, umri mrefu na nyumba yenye amani. Tumekushukuru kwa maneno mengi, na tumeyasema yote upande wa kulia.