Visu vya Msiba vya Bibi Keziya wa Ngonga

Wasikilizaji wapendwa, mugonile, hamjambo. Aliye jikoni aepue sufuria. Aliye dukani apunguze makelele. Na wewe uliyejinyoosha kwenye mkeka saa hizi, amka, usingizi utaukuta uzeeni, ukikubali kuja.

Leo tunamkumbuka Bibi Keziya wa Ngonga. Nasema tena kwa waliochelewa kufungua redio: Bibi Keziya wa Ngonga, mjane wa Yohana mhunzi. Tumemzika wiki iliyopita.

Bibi Keziya alikuwa mtunza visu vya msiba. Kwetu mtu akifariki, ng'ombe anaangushwa, waombolezaji wanakula. Visu vya kuchinjia na kuchunia vilitoka kwake. Marehemu Yohana alivifua mwenyewe kwa springi za lori. Chuma cheusi, kizito, kikinolewa kinanyoa ndevu. Lakini chuma cha springi kina wivu kuliko mke mdogo. Kiache na maji asubuhi, jioni kimeota kutu. Na Ngonga, wasikilizaji, masika hata kiberiti kinatoa jasho.

Kwa hiyo visu vikirudi, Bibi Keziya alivisuuza, akavikausha karibu na moto, akachovya kitambaa kwenye mawese na kuvipaka. Kidogo tu.

"Mafuta yakizidi yananata, yanakamata vumbi," alimwambia mkwewe, Jubilate, mke wa mwanawe Nelson. "Paka kama unampaka mtoto mchanga, siyo kama unampaka bibi harusi."

Kisha alivifunga kwenye kitambaa kikavu, akavipachika juu ya dari ya jikoni. Masika akawa anavishusha tena na tena, maana unyevu haulali. Hakungoja mtu afe ndipo akavipake. Alitaka siku vikihitajika viwe tayari.

Hapo ndipo hofu ilipoingia.

Mwaka mmoja yalikuja masika mabaya. Maji yaliingia majumbani, na homa zikaingia nyuma yake. Watu wakawa wanazikwa mfululizo. Na kwa kuwa mvua haikatiki, Bibi Keziya naye akawa anapaka visu kila mara. Alikaa barazani, kisu mapajani, mawese mekundu yakimchuruzika vidoleni. Watu walipita wakaona. Haukupita muda, kilio. Mvua ndiyo iliyoleta kutu. Mvua ndiyo iliyoleta homa. Lakini mvua huwezi kuisuta. Bibi kizee unaweza.

Jirani yake, Zebedayo, alikuwa wa kwanza kulisema, pale bombani. "Yule mama akipaka visu, mtu anakufa. Chunguzeni wenyewe."

Watu wakachunguza. Na mtu akishaambiwa achunguze, wasikilizaji, hakosi cha kuona.

Bibi Keziya alianza kusikia ukimya. Akifika bombani, mazungumzo yanakatika. Akisalimia, anaitikiwa na mtu anayetazama ndoo. Watoto waliokuwa wakija kumwomba miwa wakawa wanapitia njia ya mbali. Siku moja jiwe lilitua juu ya bati lake mchana kweupe. Alingoja kusikia kicheko cha watoto. Hakuna aliyecheka. Ndipo alipoinuka akaingia ndani, kwa sababu jiwe lisilo na kicheko limerushwa na mtu mzima.

Jubilate anakumbuka siku walipokuja. Mumewe, Nelson, alikuwa ng'ambo Malawi kwenye biashara yake. Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha. Wanaume walisimama uani wakilowana, na mbele yao Zebedayo.

"Mama Nelson," alisema, "hatujaja kwa ubaya."

"Mmekuja kwa panga, baba," Bibi Keziya akamjibu. "Basi ubaya mtaufuata nyumbani?"

Hakuna aliyecheka. Zebedayo akasema, "Tukikuona tena unapaka visu, hii nyumba tunaichoma. Nawe ukiwemo."

"Alijibu kwa mzaha," Jubilate alituambia, "lakini nilikuwa nimeshika mkono wake. Hakuniachia mpaka giza lilipoingia."

Bibi Keziya akaacha kupaka visu. Narudia: aliacha kabisa. Chupa ya mawese aliisukuma chini ya kitanda. Aliogopa hata kutazama darini. Lakini usiku mmoja baada ya mwingine mvua iligonga bati, naye akajua kule juu kutu inatembea kwenye kazi ya mumewe. Siku alipopata ujasiri wa kufungua kitambaa, aliona madoa ya rangi ya chungwa yametambaa kama ukurutu. Akakifunga upesi, akafuta vidole kwenye majivu, asije mtu akaona wekundu mikononi mwake. Kupaka ilikuwa kuchomwa moto. Kutopaka ilikuwa kumpoteza Yohana mara ya pili.

Halafu akafariki mama yake Zebedayo. Homa ileile.

Bibi Keziya aliposikia kilio kwa jirani, alijua yake imefika. Alijificha jikoni nyuma ya kuni. Mara nyayo uani. Mara hodi.

"Bibi, fungua!"

"Hayupo!" akasema kutoka kwenye kuni. "Amekufa!"

"Bibi, ni Zebedayo. Nimekuja kuomba visu. Mama amefariki, ng'ombe yupo tayari."

Alitoka na majivu kichwani. Alivishusha visu, akamkabidhi. Zebedayo akafungua kitambaa. Kutu ikamdondokea kwenye viatu.

"Bibi! Mbona hukuvipaka mafuta?"

Hapo Bibi Keziya akasahau kuogopa kidogo. "Wewe si ulisema nikipaka mtu anakufa? Sikupaka, baba. Tangu ile mvua. Sasa niambie, mama yako kauawa na nani?"

Zebedayo alikunja kitambaa. Alibeba visu vile vile, akaenda.

Msibani mchinjaji alikuwa Dulla, kijana wa Kiislamu kutoka mjini, ambaye watu humwita ili waombolezaji wa dini zote wale nyama moja. Dulla alipitisha kidole kwenye makali, akatikisa kichwa. "Kwa hiki sichinji. Kisu butu ni kumtesa mnyama, na kwetu haifai." Ng'ombe akabaki amefungwa. Waombolezaji wakabaki na njaa. Zebedayo akarudi kwa Bibi Keziya, safari hii anatembea kama mtu aliyevuliwa viatu.

Bibi alikwenda. Alikaa katikati ya uwanja wa msiba, mbele ya wanaume walewale. Akasugua kutu kwa msasa na majivu, akanoa kwenye jiwe, akasuuza, akakausha. Dulla akachinja. Jioni visu vikarudi mikononi mwake, akaitisha mawese. Akapaka, mawese mekundu yakimchuruzika vidoleni, na macho yote juu yake.

"Ndaga fijo," Zebedayo alisema alipomaliza. Asante sana. Samahani hakuisema. Wala siku ile, wala baadaye.

Watu wakasahau. Watoto wakarudi kuomba miwa. Visu vikaendelea kutoka na kurudi, miaka mingi. Lakini Jubilate anasema tangu masika yale mama mkwe wake alikuwa akifunga mlango jua likiwa bado juu, na kuweka gogo nyuma yake. "Nilimwambia, mama, yaliisha yale. Akaniambia, kwao yaliisha."

Alifariki usingizini. Asubuhi aliitwa, hakuitika. Gogo lilikuwa nyuma ya mlango. Aliyeuvunja mlango ule kwa bega lake alikuwa Zebedayo, analia.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Nelson, Jubilate, na ukoo wote wa marehemu Yohana, Ngonga na ng'ambo. Mungu amlaze Bibi Keziya mahali pasipo na gogo mlangoni.

Nanyi mnaonisikiliza, kama jirani yenu yupo bibi anayefunga mlango jua bado liko juu, msimcheke. Jiulizeni anamfungia nani.