Mchezaji Niliyemwacha Nje

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, na nyinyi mliokaa nyuma karibu na birika la chai nanyi mseme! Nimesimama mbele yenu na mzigo mtamu begani. Amelala, na amenitapikia maziwa mgongoni, basi mkiona shati limelowa msidhani ni jasho la mahubiri. Nimeomba nafasi hii kwa sababu Bwana amenitoa kifungoni, na kifungo chenyewe mlikuwa mkikitazama kila Jumapili ndani ya ukumbi huu huu, mkikishangilia, wala hamkujua kuwa ni kifungo. Hata mimi sikujua!

Mnanifahamu. Siku za kazi napanda treni hapa Woolwich mpaka Hayes, napanga mizigo ghalani, na njia nzima naandika riwaya kwenye magoti yangu. Jumapili nilikuwa mtu mwingine. Jumapili nilikuwa Mwonaji.

Kwa wageni mliofika leo, nieleze. Ibada ikiisha, chai na maandazi vikishazunguka, ukumbi huu hugeuka. Vijana hushusha skrini na tunatazama mpira wa Wamarekani, ule wa yai, unaobebwa mikononi. Sisi hapa hatuchezi kamari, Mungu atuepushe. Tunachocheza ni timu za kubuni. Kila mtu huchagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali na kujiundia kikosi chake. Wakifanya vizuri uwanjani, wewe unapata pointi. Ukimwacha mchezaji nje ya kikosi, hata akiruka mpaka mbinguni, hupati kitu. Mshindi wa wiki hupewa sahani ya kwanza ya pilau, basi.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa kukiri kwa kinywa, utabiri wetu umekuwa na desturi yake. Kabla mchezo haujaanza, kila mmoja husimama, hutaja timu itakayoshinda na wachezaji aliowachagua, na ukumbi humjibu. Wakikubali, "Amina." Wasipokubali, "Ikataliwe." Shemasi wetu Kaka Musa, mtoto wa Bukavu, ndiye msimamizi, na jinsi anavyoniitaga mnajua. Mwonaji, simama, utuambie ya kesho. Mwonaji, leo unaanguka.

Sikuanguka, ndugu zangu! Nilijua magoti ya wanaume ambao sijawahi kuwapa mkono. Nilijua mrushaji gani hupoteza shabaha upepo ukimpiga kushoto, mpokeaji gani anaogopa nyasi zenye maji. Nilikula sahani ya kwanza ya pilau mpaka akina mama jikoni wakaacha kuuliza ipelekwe kwa nani.

Lakini hamkuwahi kuniona nikiruka. Kumbukeni vizuri. Ukumbi ukilipuka, viti vikianguka, mimi nilikaa na kutikisa kichwa, kama mwalimu anayesahihisha mtihani alioutunga mwenyewe. Sikuwa natazama mchezo. Nilikuwa nahakikisha.

Kwa nini? Hapa mnivumilie.

Mke wangu Rehema alipobeba mimba ya kwanza, nilisimama hapa hapa nikatabiri. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyekunywa jua! Nikasema ni mvulana, ana mikono ya mpokeaji, anaruka tumboni kabla hajafundishwa. Nikataja na jina lake. Mkaitikia Amina mpaka madirisha yakalia. Na kabla majira hayajabadilika, mimba ikatoka. Hakuna aliyekosa, ndugu zangu. Madaktari walisema hivyo, mchungaji alisema hivyo, Rehema mwenyewe alisema hivyo. Lakini lile jina nililolitaja lilibaki kinywani mwangu kama kaa la moto ambalo huwezi kulimeza wala kulitema.

Tangu siku hiyo niliufunga mlango. Nikasema sitataja tena jambo lolote ambalo sina ushahidi nalo. Na mpira, jamani, una ushahidi mwingi! Una takwimu, una picha za marudio, una ripoti za majeruhi. Nikahamia humo kama mtu anayehamia nyumba isiyo na madirisha na kujisifu kwamba haivuji. Hata riwaya zangu nikaanza kuziandika kutoka sura ya mwisho kurudi nyuma, nisije nikakutana na jambo nisilolijua.

Kisha, mwaka huu, Rehema akabeba tena.

Alinyamaza hadi tumbo lilipojionyesha lenyewe. Alipopimwa, alimwomba muuguzi asimwambie kama ni msichana au mvulana, maana alitaka zawadi yake ifunguliwe siku yake. Jambo moja tu alilitaka kwangu. Kwao, Shinyanga, baba hutaja jina mtoto akiwa bado tumboni, ili atakapotoka asikie kuwa alikuwa akingojewa. Akaniomba nimtaje. Nikasema tusubiri. Wiki zikapita, akaomba tena. Nikasema tusubiri kidogo. Jioni moja nilikuwa jikoni namweleza Kaka Musa kwa simu jinsi goti la mchezaji fulani lilivyoshonwa, na Rehema alikuwa anakata vitunguu. Alingoja nikate simu.

"Unayajua magoti ya wanaume wa Amerika," akaniambia, polepole tu. "Mwanao humjui hata jina."

Havikuwa vitunguu vilivyomliza, ndugu zangu.

Ndipo mama mkwe wangu akaja kutoka Shinyanga kumsaidia binti yake. Yule pale mstari wa pili, anajifunika na khanga, anajua nitasema nini. Nyinyi mnaojua heshima ya mkwe mnaelewa tulivyoishi. Siketi kochi moja na mama mkwe. Simwangalii usoni moja kwa moja. Na jina lake, hilo ndilo kubwa kuliko yote, halitoki kinywani mwangu. Nyumba yetu ina sebule ya kukunja miguu, basi tukawa tunaheshimiana kwa zamu. Yeye akiingia, mimi nakumbuka jambo jikoni. Mimi nikiingia, yeye anakumbuka kuomba.

Alikuwa anafuma shali ya mtoto, nyeupe, na pembeni alitaka kuingiza jina kwa uzi mwekundu. Hakuniuliza. Angeniulizaje? Alimtuma Rehema, Rehema akarudi na "tusubiri" yangu, naye akaendelea kufuma akiizunguka ile nafasi. Shali ikakua, ikawa nzuri, na katikati ya ukingo wake kukawa na sehemu tupu. Kila nilipopita sebuleni, ile sehemu ilinitazama.

Jumapili ya mvua ile mnaikumbuka. Tukiwa njiani kuja ibadani, chini ya mwavuli mmoja, Rehema aliniambia kwamba mama anamaliza shali leo. Kama nina jina, nilitaje leo. Kama sina, yeye na mama yake watampa mtoto jina, na mimi nitalisikia kama watu wengine wanavyolisikia. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kumngojea mtu aliyekaa kando yake. Na mimi nilijua, kama ninavyojua magoti, kwamba nikinyamaza siku ile kuna kitu kati yetu hakitarudi.

Katika ibada nilijaribu kuomba. Maneno hayakuja. Nikasema tu, Bwana, nifungue kinywa. Basi. Ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba!

Baada ya chai, mchezo. Siku hiyo timu mbili za Wamarekani zilikuwa zimekuja kuchezea hapa hapa London, kaskazini mwa jiji, chini ya mvua ile ile iliyokuwa inapiga bati letu. Kaka Musa akaniita. Nikasimama, nikakiri. Wenye kijani watashinda. Na kati ya wapokeaji, nikasema, nimemwacha nje yule kijana wa timu nyeupe, yule tuliyekuwa tunamwita Swala. Ametoka kupasuliwa goti, nyasi zina maji, hataruka. Mkaitikia Amina. Ushahidi wote ulikuwa upande wangu!

Mama mkwe alikaa na Rehema, shali mapajani. Hakujua sheria hata moja. Alipiga makofi kwa wote, wa kijani na weupe, na Kaka Musa akashindwa kuvumilia. Akamuuliza, "Mama, hivi unamshangilia nani?"

"Yule anayeinuka," akajibu, bila kuacha kufuma. "Si mnaona wanavyoangushwa? Kuanguka kila mtu anaweza."

Ukumbi ukacheka. Mimi nikatikisa kichwa.

Mchezo ukaenda kama nilivyosema. Kijani mbele, kijani mbele, na saa ikakaribia kufa. Nilishaanza kuisikia harufu ya pilau. Ukabaki mtupo mmoja. Mrushaji wa timu nyeupe akarudi nyuma, akakimbizwa, akateleza, na akiwa nusu ameanguka akautupa mpira juu kama mtu anayetupa dua. Ndugu zangu, ule mpira ulikaa hewani! Nikauona unazunguka kwenye mvua, na chini yake walinzi wawili wakubwa kama makabati, na katikati yao mtu mmoja mwembamba anayeanza kuruka. Swala! Yule niliyemwacha nje! Akapanda, akapanda tena juu ya kule kupanda, akaudaka kwa ncha za vidole, akashuka nao ndani ya eneo la mwisho, pale penye pointi za ushindi, na walinzi wote wawili wakamwangukia.

Wakaondoka mmoja mmoja juu yake. Yeye akabaki chini, ameshika goti.

Hapo nikasikia nyuma yangu sauti ya mama mkwe, si kubwa, sauti ya kumwamsha mtoto aende shule. "Inuka, baba. Inuka."

Na akainuka! Akainuka, ndugu zangu, mpira kifuani, akaupiga mguu ule ule chini kama anayeuuliza kama uko naye, na mguu ukamjibu, akaanza kucheza kwenye mvua! Timu yangu imeshindwa. Kikosi changu kimekufa. Kila nilichokikiri kimekataliwa. Na mimi niko juu ya kiti, viatu na yote, napiga kelele mpaka koo linauma, na machozi yananitoka kama mtu aliyeletewa ndugu yake kutoka vitani!

Kaka Musa alinishika mguu nisianguke. Akaniambia, "Ndugu yangu, umeshindwa wewe. Hujaelewa?"

Ndipo likatokea la ajabu zaidi. Mama mkwe wangu, ambaye tangu afike hajanielekezea neno moja kwa moja, akaniuliza mbele ya watu wote.

"Mkwe, huyo ni wako?"

"Hapana, Mama. Nilimwacha nje."

"Sasa unashangilia nini?"

Sikuwa na takwimu hata moja. "Ameinuka," nikasema.

Na neno hilo lilipotoka, nikasikia kitu kimefunguka humu, kama dirisha lililopakwa rangi miaka mingi likang'olewa kwa ngumi moja. Lile kaa la moto halikuwepo! Nikashuka kitini, nikaenda mpaka alipokaa Rehema, nikapiga magoti kwenye makombo ya maandazi, nikaliambia tumbo lake, "Kabula. Tunakungoja, Kabula."

Mkashika vinywa. Maana wengi wenu mnajua Kabula ni nani. Ni jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, na ni jina la yule mama pale. Nilikuwa nimelitamka jina la mama mkwe wangu, kwa sauti, mbele ya kanisa, nikiwa nimepiga magoti miguuni pake! Kaka Musa akafumba macho kama anayesubiri radi.

Mama akavuta khanga akafunika uso. Mabega yakatikisika. Nikadhani nimemwua. Kumbe anacheka! Akatoa mkono chini ya khanga na kusema, "Nipeni uzi mwekundu."

Rehema aliniwekea mkono kichwani, akauacha hapo, na hapo ndipo nilipojua kuwa nimerudi nyumbani.

Ndugu zangu, mnataka kujua mwisho wa utabiri wangu? Mtoto alizaliwa asubuhi ya mvua, akilia kwa hasira ya mtu aliyekatizwa usingizi, mzima, mwenye afya. Mkunga akamfunua. Mvulana!

Mwonaji alikuwa amekosea tena! Mama mkwe akamtazama mtoto, akanitazama mimi, usoni kabisa, akasema, "Mkwe, wewe ungeacha kutabiri." Kisha akakaa kwenye kiti cha hospitali, akafumua mwanzo wa jina, akalifuma upya. Kwao mvulana wa mvua ni Mabula. Huyu hapa, na shali yake hii. Tazameni ukingo, mtaona pale uzi ulipofumuliwa. Nimemwomba bibi yake asiuguse tena. Napenda uonekane.

Bado nachagua wachezaji, msidhani nimeacha! Hata leo nitasimama kukiri, na Swala yumo ndani ya kikosi, goti na yote. Na nimeanza riwaya ambayo mwisho wake siujui, jamani, naamka asubuhi nakimbilia treni ili nikaone kitatokea nini!

Kuna mtu hapa ambaye kuna jina amelibana mdomoni. La mtoto, la ndugu mliyegombana naye, la jambo uliloacha kuliomba kwa sababu mara ya kwanza liliumiza. Unangoja ushahidi. Mpendwa, hautakuja. Bwana hakunionyesha mwisho, alinifungua kinywa tu, na kinywa kikatosha. Basi usiondoke na jina hilo. Litaje. Ukikosea, utakosea ukiwa mikononi mwake, na huko kuna bibi mwenye uzi.

Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru Rehema aliyeningoja, ninamshukuru Mama. Kaka Musa, shusha skrini. Nani anakuja kumpokea Mabula, nipate mikono ya kushangilia?