Mkokoteni Huu Haubebi Viti: Maisha ya Joash Midigo, 1944–1998

Marehemu Joash Midigo, tunayemzika leo Jumamosi, 17 Oktoba 1998, alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 hapa hapa Rangwe, kifungua mimba wa nyumba yao. Masomo yake yalikatikia darasa la nne. Alipenda kusema kwamba ubao wa shule aliujua kuliko wenzake wote, maana yeye ndiye aliyeitwa kuupigilia misumari kila ulipoanguka.

Mwaka 1961 alikwenda Migori kufanya kazi katika duka la mbao la Mzee Abdullah. Mzee huyo alipofiwa na mkewe, Joash aliona jambo lililomkaa moyoni: jeneza lililombeba mama yule lilirudishwa msikitini kungoja mwingine. Tajiri na maskini walibebwa na lile lile.

Mnamo Desemba 1969 alimwoa Truphena, binti wa Mfangano. Kitanda alichomchongea kilichechemea mguu mmoja. Joash aliahidi kukitengeneza kesho yake, na Truphena angali anangoja.

Alirudi Rangwe mwaka 1984, akafungua karakana yake sokoni. Ilipofika 1992, ugonjwa ulikuwa umeingia karibu kila boma, na majeneza yalikuwa yakitoka kabla rangi haijakauka. Fundi mwingine angeshukuru Mungu kwa wateja. Joash alikasirika. Aliwaomba wazee wa ukoo wakubali jeneza moja la wote, ili michango iwafae wagonjwa.

"Joash, unataka watu waseme tumezika baba na sanduku ya kukopa?" mzee mmoja alimuuliza.

"Baba amelala mgonjwa miezi mingi, hakuna mtu alikuja kwangu kuomba hata kitanda," akajibu. "Amekufa asubuhi, saa hii mko hapa mnataka mbao mzuri."

Walikataa. Basi akaendelea kuwauzia majeneza, na kwa faida hiyo, mwaka 1993, akaunda mkokoteni wenye godoro na kivuli, akanunua punda wa kuuvuta. Punda alimwita Chifu, kwa sababu hang'oi mguu mpaka apewe kitu. Chifu wetu aliyepo hapa atatusamehe. Wagonjwa wasio na mtu walipelekwa hospitali Homa Bay bila malipo. Watu walimcheka, seremala gani huyu anayefukuza wateja wake mwenyewe. Kamati za mazishi zilipokuja kuuomba mkokoteni ubebe viti vya matanga, jibu lilikuwa moja: "Mkokoteni huu haubebi viti. Maiti hana haraka."

Alisumbuliwa na ngiri kwa muda mrefu, akiahirisha matibabu kwa kuwa kila mara palikuwa na mgonjwa wa kutangulizwa. Asubuhi ya Alhamisi, 8 Oktoba, ilimbana, akalala ndani akiugulia. Wakati huo kamati ya mazishi ilifika karakana, haikukuta mtu wa kuikatalia, ikachukua mkokoteni kubebea viti vya matanga. Truphena alikimbia kwa wenye magari. Mmoja alisema hana petroli. Wa pili alisema dereva amekwenda mazishini. Wa tatu alisema ngoja kidogo. Joash alifariki saa kumi alasiri. Mkokoteni ulirudi jioni, viti vikiwa juu ya godoro.

Inauma kusema haya, lakini kunyamaza kunauma zaidi. Magari yale matatu yote yako hapa leo, yameoshwa, na petroli imepatikana. Turubai ni tatu na ng'ombe amechinjwa. Hakuna aliyeombwa mara mbili.

Ameacha mjane, Truphena. Watoto Priscah, Jeremiah na Liz. Ndugu yake Nicanor. Na wajukuu watano.

Joash wetu na alale kwa amani, kazi aliimaliza upande wake. Ila jirani yetu Bonareri, aliyekuwa apelekwe hospitali na mkokoteni wiki ile ile, bado amelala mgonjwa nyuma ya soko, na Truphena amesema hakitapakuliwa chakula hapa kabla mama huyo hajaondoka kwenda hospitali. Mwenye gari asimame sasa, tumwone.