Bweni la Mlango Mmoja

Nje ya geti la kiwanda cha biskuti kuna benchi, na mimi huuza kahawa hapo. Leo lilijaa mapema, maana mchana mkaguzi wa usalama anakuja kuangalia bweni la wafanyakazi. Vitanda humo vimepandana vitatu vitatu, na mlango ni mmoja. Usiku nyapara huufunga kwa kufuli upande wa nje, biskuti zisiibwe, kisha huenda kulala kwake. Kaka yangu analala humo, kitanda cha juu kabisa, pembe ya mwisho. Nyapara amewaagiza wote: mkiulizwa, semeni tunalala salama. Kaka, aliyekuwa benchini na ovaroli lake, ameshakubali.

— Eti mkaguzi anataka mlango wa pili, alisema Injinia, ambaye ni fundi baiskeli. Wa nini? Usingizi uingilie huku, utokee kule?

— Kweli kabisa, alisema Mzee Mizani, mpima unga. Ndiyo maana matajiri hawalali. Nyumba zao zina milango kila upande.

— We mzee, tajiri asiyelala umemwona wapi? aliuliza Mama Shuka, anayefua mashuka ya bweni.

— Simjui hata mmoja. Lakini kwangu mlango ni mmoja, tena mbovu, na nalala fofofo.

— Na moto ukiwaka, babu? niliuliza.

— Mjukuu wangu, moto ukiwaka watu watakimbia. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Bora watulie.

— Halafu wamejaa pomoni, alidakia Injinia. Penye wengi hapaharibiki neno. Moto wenyewe utakosa pa kupita!

Mama Shuka alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanga.

— Basi tuwafungie na zimamoto humo humo!

— Hata moshi una haya zake, alisema Mzee Mizani. Ukikuta watu wamelala vifua wazi, unageuza.

Kaka naye akacheka. Mimi nilishindwa, nikaendelea kumimina.

Ndipo akaja kijana mmoja, godoro begani.

— Shikamooni. Nimepata kazi kwenye tanuri, naanza kulala humu leo.

— Marahaba, baba, aliitikia Mzee Mizani. Karibu benchi.

— Asanteni. Nimeambiwa mlango unafungwa kwa nje. Usiku nikizidiwa na tumbo, nimgongee nani?

Injinia akachungulia kikombe chake kama kuna kitu kimezama humo. Mama Shuka akajifuta kanga mahali palipokwisha kukauka.

— Wahenga walisema... alianza Mzee Mizani. Akakohoa. Hawakuwa wamesema.

Kijana akaliona ovaroli la kaka.

— Wewe si wa humu, kaka? Nyie humgongea nani?

Kaka akasogea, akampa nafasi.

— Shusha godoro, mdogo wangu, ukae. Mkaguzi akifika tutamwambia hatuna wa kumgongea.