Mirunda ya Chumba cha Mama

MUDRIK: Haloo, salama? Nani mwenzangu? Namba hii sinayo.

MWATUM: Huna namba ya simu ya mama yako?

MUDRIK: Aa, Dada Mwatum! Shikamoo dada. Simu mpya hii, majina yote yame—

MWATUM: Marahaba. Yangu huipokei tangu Ijumaa, ndiyo maana nimeazima ya mama.

MUDRIK: Mtandao, dada. Huku Matemwe upepo ukivuma tu... [simu inakwaruza] ...wanisikia?

MWATUM: Nakusikia vizuri sana.

MUDRIK: Mama hajambo?

MWATUM: Mtu aliyekaa eda ya mumewe, unataka awe vipi? Yumo chumbani, anatazama juu.

MUDRIK: Anatazama nini juu?

MWATUM: Dari. Mudrik, iko wapi mirunda iliyokuwa imeishikilia dari ya chumba cha mama?

MUDRIK: Ah. Vile vijiti.

MWATUM: Si vijiti.

MUDRIK: Fito basi, fito—

MWATUM: Wala si fito. Fito hukandikwa udongo zikawa ukuta. Boriti ndizo zinazobeba dari, na boriti za chumba kile zimeoza kwa mvua. Zile nguzo zilizosimamishwa chini yake ni miega. Marehemu baba aliisimamisha kwa mkono wake, akasema isiguswe mpaka zipatikane boriti nyengine. Na wewe ulikuwapo, ulimshikia ngazi.

MUDRIK: Dada, mie si mwanafunzi wako.

MWATUM: Ungekuwa mwanafunzi wangu ungejibu swali. Iko wapi?

MUDRIK: Inatumika.

MWATUM: Wapi?

MUDRIK: Kwangu huku, kwenye nyumba ya wageni. Tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa, mirunda ya fundi ikapungua. Nimezunguka Mlandege yote, nimekwenda mpaka Kidichi kwa jamaa yangu, hakuna. Na zege lishachanganywa, dada, zege halimngoji mtu—

MWATUM: Ukakumbuka chumba cha mama.

MUDRIK: Nikamwambia fundi Machano apitie mjini achukue. Kuazima tu!

MWATUM: Saa ambayo mimi niko skuli nasomesha.

MUDRIK: Sikuangalia saa.

MWATUM: Unajua mama alifanya nini walipoingia?

MUDRIK: Machano kasema hata hakumwona.

MWATUM: Angemwona vipi? Mwanamke yumo edani, wanaume wa mbali wamebisha hodi. Alijifungia stoo ya ndani. Na pale mlangoni walisema nini? "Mudrik katutuma tushughulikie dari." Maneno hayo aliwafundisha nani?

MUDRIK: Dada—

MWATUM: Mama akasikia nyundo, akafurahi. Akadhani unaongeza! Alitokea mlango wa nyuma mpaka jikoni akawapikia chai, Mudrik. Akawapitishia birika na mkate wa kumimina chini ya pazia, na wewe akakuombea dua, nao wakaitikia amina. Wakanywa, wakashukuru, wakaipakia miega kwenye gari lako.

[mtandao unakwaruza]

MUDRIK: Habari ya chai Machano hakunambia.

MWATUM: Niliporudi nilimkuta mama kasimama katikati ya chumba. Akanambia, "Mwatum, chumba kimekuwa kikubwa."

MUDRIK: Nitairudisha.

MWATUM: Leo.

MUDRIK: Leo haiwezekani! Zege bichi lile. Nikiitoa sasa hivi dari yote inashuka, na chini mafundi wanapita—

MWATUM: Dari itashuka.

MUDRIK: Ndiyo!

MWATUM: Na chini kuna watu.

MUDRIK: Si ndo nakwambia, dada, mtu hawezi tu kuja akang'oa—

MWATUM: Malizia.

MUDRIK: ...Usinichukulie hivyo.

MWATUM: Jana usiku limeanguka pande la chokaa, liko hapa kwenye sinia. Asubuhi nimefagia jengine.

MUDRIK: Basi mlete huku kwangu. Chumba kimoja cha chini kimekwisha, kina feni, kina kila kitu.

MWATUM: Atoke nyumba ya mumewe, eda haijesha?

MUDRIK: Si kuna dharura? Kamuulize imamu, atakwambia inaruhusiwa.

MWATUM: Nimemuuliza. Ameruhusu. Mama ndiye hakuruhusu. Kasema, "Dharura hii haikuletwa na Mungu, imeletwa na gari la Mudrik."

MUDRIK: Kasema hivyo?

MWATUM: Kwa sauti ya kawaida kabisa. Bora angepiga kelele.

MUDRIK: Nyinyi mnaniona mie mtu mbaya. Nani anayehangaika hapa? Hii nyumba ya wageni si yetu sote? Ikisimama—

MWATUM: Siku ya hitima ya baba ulisimama barazani mbele ya mtaa mzima. Ukasema kuanzia leo wewe ndiye nguzo ya nyumba hii. Ulipoona watu wanakuitikia kwa vichwa ukaongeza: mhimili. Kisha tegemeo. Mjomba Ubwa alilia. Mimi sikukuomba hata moja katika hayo, Mudrik. Naomba miti.

MUDRIK: Yanaumiza, hayo.

MWATUM: Yaumize.

MUDRIK: Sasa hivi mmeweka nini pale?

MWATUM: Kabati la baba. Nimelisukuma mpaka chini ya boriti mbovu, nikapandisha sanduku juu yake, na juu ya sanduku mito.

MUDRIK: Mito! Mito itazuia nini?

MWATUM: Ndivyo ulivyotuachia. Ngoja, mama anataka simu... Ndiyo, mama, ni yeye.

BI NASIMA: Mudrik.

MUDRIK: Naam, mama. Shikamoo.

BI NASIMA: Marahaba, mwanangu. Umekula?

MUDRIK: Nshakula, mama. Mama, sikiliza—

BI NASIMA: Dari yako ishakauka?

MUDRIK: ...Bado, mama.

BI NASIMA: Basi miti usiitoe. Na wewe usilale chini yake.

MUDRIK: Mama, wallahi kesho nitatafuta myengine, nitaileta mwenyewe, nita—

BI NASIMA: Haya. Huyu hapa dada yako.

MUDRIK: Mama? Mama, usiondoke!

MWATUM: Keshaondoka. Fanya haraka, simu inalia, salio linakwisha.

MUDRIK: Mwambie alale kwako, dada. Kwa leo tu! Chumba chako si kizima?

MWATUM: Nimembembeleza tangu Ijumaa. Anasema kitanda alichofia mumewe kiko kule.

MUDRIK: Basi akae kando, japo hapo karibu na kabati.

MWATUM: Hataki. Sasa hivi anatandika mswala.

MUDRIK: Anautandika wapi?

MWATUM: Pale palipokuwa na mwega wa kati. Anasema ndipo penye nafasi.

MUDRIK: Dada, mtoe! Mshike mkono umtoe, nakuja, nakuja na gari sasa hivi, nitaing'oa, na zege liporomoke lote—haloo? Dada? Haloo?

[simu imekatika]